Tumbaku imelipwa na watoto wameahidiwa bahari: mwende au msubiri?

Mwangaluka, mama wa Urambo.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Ili wasomaji wengine wafuatane nasi, naueleza kwa ufupi. Mume wako ameuza tumbaku, malipo yametoka, na amewaahidi watoto kwamba likizo hii ya Juni atawapeleka Dar es Salaam kuona bahari na kucheza kwenye mabwawa na mitelezo ya maji ya Kunduchi. Mna watoto watatu: wa kiume ana miaka 6, wa kike miaka 3 na nusu, na yule wa mgongoni ana miezi 10. Mama mkwe wako anasema huko ni kutupa hela, wadogo hawatakumbuka chochote. Wewe unaniuliza kama mwende au msubiri wakue, na kama mtakwenda, msafiri vipi na mkae siku ngapi.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Tabora, na likizo nyingi nimesindikiza watoto wa shule kwenda Dar. Nimewaona watoto wakirudi wameng'aa, na nimewaona wakirudi wamechoka hadi wanalia usingizini. Jibu langu ni kwamba mwende. Ila ratiba ipangwe kwa kumfuata mtoto aliye mdogo kuliko wote, maana yeye ndiye atakayeamua kama safari imekuwa nzuri, hata kama hajui kusema.

Kuhusu kumbukumbu, bibi yao hajakosea sana. Watu wazima wengi wakijaribu kukumbuka utoto wao, kumbukumbu ya kwanza kabisa huwa ya umri wa miaka 3 au 4. Kwa hiyo wa miezi 10 hatabaki na kitu, wa miaka 3 na nusu huenda akabaki na kipande, labda rangi ya bwawa au sauti ya treni. Wa miaka 6 atasimulia mpaka wenzake wachoke. Lakini hofu ina njia yake. Mtoto aliyetumbukizwa kwenye maji kwa nguvu, huku watu wazima wakicheka, anaweza kukataa hata beseni la kuogea kwa wiki nyingi baadaye, na kwa nini anakataa hawezi kukuambia. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba mdogo afanywe lolote kwa kuwa atasahau.

Sasa naomba jambo moja lifanyike kabla hamjakata tiketi: wapimeni watoto kimo. Msimamisheni ukutani bila viatu, visigino na mgongo vikiugusa ukuta, uwekeni ubao bapa kichwani, mweke alama, mpime kwa futi. Au njooni kliniki, tutawapimia. Mitelezo mikubwa na mashine za kuzunguka kwenye viwanja vya michezo huwa na kiwango cha kimo, si cha umri, na mingi ile ya kasi hudai sentimita 120 hivi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa miaka 6 aliye katikati kabisa ya wenzake ana sentimita 116, na wa kike wa miaka 3 na nusu ana karibu 99. Maana yake kijana wenu, hata akiwa mwenye afya nzuri kabisa, anaweza kufika getini, akapanda ngazi hadi juu, akaambiwa ashuke. Baba atakasirika, mtoto atalia mbele za watu, na siku itaharibika kwa jambo lililoweza kujulikana mkiwa nyumbani.

Tafadhali msimvalishe viatu virefu wala kumwombea kwa mlinzi. Kiwango kile hakikuwekwa ili kuwanyima watoto raha. Mkanda na kizuizi cha kiti hutengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mwili mdogo huchomoka. Kwenye mtelezo wa maji mtoto mwepesi anaweza kukwama katikati, akagongwa na mtu mzima anayemfuata kwa kasi. Mwambieni mapema, kwa upole, mkiwa bado Urambo: "Ule mkubwa ni wa watoto waliofika alama hii. Wewe utacheza kwenye ule wa wadogo." Mtoto wa miaka 6 akiambiwa mapema huvumilia. Akishtukizwa juu ya ngazi, hawezi.

Pigeni simu pia kabla ya kwenda, iwe ni Wet 'n' Wild ya Kunduchi mliyoichagua au Fun City ya Kigamboni. Ulizeni wanafungua siku zipi, kimo kinachotakiwa, watoto wa umri gani hawalipi, na kama mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu. Hili la chakula lina uzito, kwa sababu mtoto wa miezi 10 hawezi kuishi kwa chipsi.

Nije kwenye maji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Watoto wenu wamekulia mahali ambapo maji yanachotwa kwa ndoo. Hawajui kuogelea, na bila shaka na ninyi wazazi vilevile, wala si aibu. Duniani kote, kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wa miaka 1 hadi 4. Na mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyodhani. Mdomo uko chini ya maji, pumzi ya kuita haipo, mikono inayasukuma maji chini badala ya kupunga. Kwa mtu aliye kando anaonekana kama anacheza. Mambo yote yanaweza kuisha ndani ya dakika moja au mbili, huku wewe ukitafuta chenji ya soda kwenye pochi.

Kwa hiyo sheria ni hii: kila mtoto aliye majini awe na mtu mzima wake, aliye ndani ya maji naye, umbali wa mkono. Simaanishi mtu aliyekaa kwenye kiti akiwaangalia wote kwa pamoja, wala mlinzi wa bwawa, kwa sababu huyo ana watu mia wa kuwatazama. Yale maboya ya kupuliza yanayovalishwa mikononi ni vitu vya kuchezea. Yanachomoka, yanatoboka, na yanampa mtoto ujasiri asioustahili. Kama mnaweza kupata jaketi la kuokolea maisha la saizi yake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, hilo ni jambo jingine, lakini hata hilo haliondoi mkono wako. Na simu iwekwe kwenye mfuko. Baba akitaka picha, apige dakika kumi za mwanzo, kisha aiweke.

Mkifika, anzeni kwenye bwawa la wadogo, lile lenye kina cha magoti. Kaeni wenyewe kwanza ndani ya maji. Wa kike atasogea polepole, ataingiza vidole, atarudi, atasogea tena. Mwache. Inaweza kuchukua nusu saa kabla hajakaa chini na kupiga maji, na nusu saa hiyo ndiyo mchezo wenyewe kwake.

Msidhani kwamba wa miezi 10 lazima naye aingie. Robo saa mikononi mwa mama kwenye maji yaliyopata joto la jua inatosha, halafu afutwe, avikwe khanga kavu, akae kivulini. Akianza kutetemeka au midomo ikibadilika rangi, mtoe palepale. Pampasi za kawaida hunyonya maji ya bwawa na kuvimba. Ziko za kuogelea, zinauzwa kwenye maduka makubwa Dar. Na yeyote kati yao akiwa na tumbo la kuhara, asiingie bwawani siku hiyo hata kidogo. Dawa ya maji huua vijidudu vingi lakini si vyote, na watoto wa wenzenu nao humeza maji yale.

Jifunzeni na hili, hata kama hamtalihitaji kamwe. Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini, wala msimbinye tumbo ili atapike maji. Huko ni kupoteza sekunde. Mlazeni chali, inueni kidevu, mpulizieni pumzi 5, kisha kandamizeni kifua katikati mara 30 na pumzi 2, mkirudia, huku mwingine akiita msaada. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114. Mkipita hapa Tabora njooni kliniki, nitawaonyesha kwa mwanasesere. Ni kazi ya dakika chache.

Kisha kuna bahari, na hapa watu wa bara tunakosea sana. Ziwa na bwawa la shamba hukaa mahali pake, bahari haikai. Maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa Dar inaweza kupita mita 3. Nimewahi kuona familia imetandika mkeka mbali kabisa kwenye mchanga mkavu, watoto wakachimba mashimo, watu wazima wakasinzia, na walipoamka viatu vilikuwa vinaelea. Waulizeni wenyeji maji yanajaa saa ngapi. Mvuvi yeyote wa Kunduchi atawaambia bila kutazama saa. Na waambieni watoto mapema kwamba maji yale ni ya chumvi, maana wa kwetu hudhani ni hadithi mpaka wameze funda, watapike.

Siku ngapi? Ningekaa Dar usiku 4, na kati ya hizo siku ya mabwawa iwe moja tu. Najua baba atasema tumetoka mbali hivi kwa siku moja? Lakini mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku ukihesabu na usingizi wa mchana, wa miaka 3 na 4 saa 10 hadi 13, na huyo wa miezi 10 hata zaidi. Usingizi huo ukikatwa siku mbili mfululizo, kinachofuata ni kulia, kukataa chakula na homa za ovyo. Fikeni geti linapofunguliwa, jua likiwa bado la upole na watu wachache. Chezeni hadi saa 6 au 7 mchana. Wakila, ondokeni wakiwa bado wanataka. Hili ni gumu kwa mzazi aliyelipa kiingilio cha kutwa, nalielewa kabisa, lakini saa mbili za mwisho ndizo watoto wanazoangukia, wanapogombana na kupotea.

Siku zinazobaki: moja ya ufukweni, moja ya kuwasalimia ndugu, moja ya kupumzika kabla ya safari. Msiuchanganye mji wa ndugu na siku ya mabwawa. Kunduchi iko kaskazini mwa jiji, kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati. Mkilala kwa shangazi Mbagala mtalazimika kuvuka Dar nzima na foleni zake, na watoto watafika wakiwa tayari wamechoka. Siku mbili za mwanzo laleni gesti ya Mbezi Beach, Tegeta au Kunduchi yenyewe, kisha muende kwa ndugu na zawadi zenu za asali na karanga. Shangazi haudhiki akielezwa mapema. Huudhika akisikia kwa watu kwamba mlikuwa mjini.

Mmechagua msimu mzuri. Juni masika imeisha na joto la Dar limepungua, tofauti na Desemba ambapo hewa nzito ya pwani humfanya mtoto wa bara atokwe jasho usiku kucha. Ila angalieni tarehe 7 Julai, Sabasaba. Ni sikukuu, maonyesho ya biashara yanakuwa yanaendelea, na mji hujaa. Nendeni mabwawani siku ya katikati ya wiki, mwezi Juni.

Njia ya kwenda: msifanye mwendo wote kwa basi kwa mkupuo mmoja na mtoto wa miezi 10. Kwa familia yenu ningependa treni ya kulala, reli hii hii ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912, kwa kuwa mtoto anaweza kulala amenyooka, akasimama, akaenda chooni. Chumba cha daraja la pili cha kulala kina vitanda 6. Mkiweza kukijaza au kukilipia chote, mfunge mlango, mko nyumbani. Nafasi zikikosekana, njooni Tabora mlale hapa, mpande basi la asubuhi hadi Dodoma, mlale tena, kisha mchukue treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024, ambayo Dodoma hadi Dar ni mwendo wa saa tatu na nusu au nne hivi. Kituo chake Dodoma si kile cha zamani cha mjini, kwa hiyo tengeni muda wa bajaji. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi ya kliniki ya mdogo.

Chakula cha njiani mnacho nyumbani. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hayaharibiki, hayamwagiki, na mtoto anaweza kuyatafuna taratibu akiangalia dirishani. Kwa mdogo yalainisheni kwenye maji moto. Mkiwa kwenye treni, kila stesheni mtaletewa vitu. Viwili niwaonye. Karanga nzima msimpe mtoto wa chini ya miaka 5, kwa sababu behewa likitikisika punje huingia njia ya hewa. Zisageni au mziache. Na asali, fahari yetu ya Tabora, isiguse mdomo wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata tone la kumnyamazisha. Inaweza kuwa na vimbegu vya bakteria ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti, vikatoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Nawaambia kina mama hili kila wiki, na kila wiki yupo anayeshangaa.

Kupotea ni suala la dakika moja. Mwaka mmoja, kwenye ufukwe uliojaa watu, nilimpoteza mtoto wa dada yangu aliyekuwa na miaka 4. Nilikuwa nimemshika mkono, nikauachia ili nifunge kandambili. Alipatikana baada ya dakika ishirini, amekaa na muuza mihogo. Yule baba alikuwa amemuuliza jina la mama yake, naye akajibu "Mama". Alimuuliza anakaa wapi, akajibu "Nyumbani". Tangu siku hiyo kila mtoto ninayesafiri naye namwandikia namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino usiotoka kwa maji, kila asubuhi, na namfundisha majina yangu mawili kwa wimbo tangu wiki mbili kabla. Wa kwako wa miaka 3 na nusu anaweza kujifunza. Washoneeni wote nguo za kitenge kimoja chenye rangi kali, na kila asubuhi piga picha moja ya watoto jinsi walivyovaa. Ukiulizwa alikuwa amevaa nini, akili huwa imeshakimbia.

Nimeacha la mama mkwe hadi hapa makusudi. Hesabu tena sheria yangu ya maji: watoto watatu, kila mmoja na mtu mzima wake, na ninyi mko wawili. Haitoshi. Baba akiwa na kijana kwenye mtelezo wa wadogo, wewe ukiwa na binti bwawani, wa miezi 10 anabaki na nani? Ukimweka mgongoni huwezi kuinama kumdaka dada yake. Mnahitaji mtu wa tatu, anayemjua mtoto na anayejulikana naye, atakayekaa kivulini, amlishe, ambembeleze alale huku ninyi mkicheza na wakubwa bila kugeuka nyuma kila dakika. Umeniandikia kwamba mama mkwe bado analima mwenyewe na kwamba mtoto huyu halali kwa mtu mwingine ila kwake. Nauli yake ni gharama ya kweli, najua. Nami ningeitoa, hata kama ingebidi kupunguza usiku mmoja wa gesti. Tena kwa vitanda 6, na ninyi mkiwa 6, chumba cha treni kinajaa.

Asiombwe na wewe. Aombwe na mwanawe, jioni, baada ya kula, na aambiwe wazi kwamba bila yeye watoto hawawezi kuingia majini kwa usalama. Huenda hasira yake haikuwa ya hela. Huenda hakuna aliyemuuliza kama na yeye amewahi kuiona bahari. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla ya kukata tiketi, maana vitanda vya likizo ya Juni huwahiwa mapema.